Kabla ya kuchora mti wa nasaba, tazama kwanza

Wanafunzi wanaotafiti ugonjwa wa batobato ya muhogo huku Kisumu na Busia huniuliza sana: tupange mifuatano ya DNA kwa MAFFT au kwa MUSCLE? Hizi ni programu zinazopanga mifuatano ya herufi za DNA mstari kwa mstari, ili herufi zinazolingana zikae safu moja kabla ya kuchora mti wa nasaba, yaani mchoro wa undugu wa virusi. Mimi huwaambia watumie zote mbili, wafungue matokeo kwenye madirisha mawili na kuyatazama sambamba.

Kwa kutazama nina programu za AliView na Jalview, zote za bure. AliView ni nyepesi, hata laptopu kuukuu inaimudu, na ukishaiweka utafanya kazi hata bando ikiisha.

Kila herufi ina rangi yake. Mstari mmoja ukivurugika rangi mwanzo hadi mwisho, huenda mfuatano huo umeingia kinyume. Ugeuze, upange upya. Pia kumbuka kuwa DNA ya virusi vinavyoleta batobato ni duara, vipande viwili, A na B, kila kimoja kikiwa na herufi zipatazo 2,800. Duara halina mwanzo: huyu amelikata hapa, yule pale, na programu inabaki kujaza mapengo. Anzisha mifuatano yote mahali pamoja, kwa mfano kwenye TAATATTAC, ambapo DNA ya virusi hukatwa inapoanza kunakiliwa.

Ndani ya jeni ya protini ya ganda la virusi, pengo la herufi moja au mbili hunitia shaka papo hapo, maana jeni husomwa herufi tatu tatu. Rudi kwenye kromatogramu, yaani grafu ya mashine iliyosoma DNA, uhakikishe.

Programu mbili zikikubaliana, naendelea. Zikipingana, natia alama sehemu hiyo, nachora mti nikiwa nayo na bila yayo. Lakini tafadhali usifute kipande kwa sababu tu kinaonekana kigeni! Aina ya virusi iitwayo ya Uganda, iliyoangamiza mihogo miaka ya 1990 na kuvuka hadi Magharibi mwa Kenya, ni EACMV (virusi vya batobato vya Afrika Mashariki) yenye kipande cha ACMV (virusi vya batobato vya Afrika) katikati ya jeni ya protini ya ganda. Kwenye skrini utaona mstari wake ukifuatana na kundi moja, ukihamia jingine, kisha ukirejea. Anayekifuta akidhani ni kasoro ya mashine amefuta ushahidi kwamba virusi viwili vilikutana ndani ya mmea mmoja.

Ukirekebisha chochote kwa mkono, hifadhi faili ya awali kando na uandike toleo la kila programu uliyotumia. Msimamizi wako ataliulizia.