Mwanangu, hilo deni tuligawe kwanza

Mwanangu Rehema,

Marahaba mama. Ile barua uliyoipiga picha nimeisoma mara tatu, ya kwanza nikiwa kazini kwenye mapumziko, chakula kikanishinda. Umeniuliza, baba, mkataba wa Juma uliisha tarehe 31 Julai, mi nilisaini mwaka mmoja tu, mbona hawa watu wa madeni wananidai mpaka ya Oktoba? Una haki ya kuuliza, tena kuniuliza mimi, manake mimi ndo niliyekupigia simu nikakwambia msainie mtoto wa shangazi yako, kredi yake, yaani rekodi ya kulipa madeni, bado changa, hapo Dallas hatapewa nyumba bila mtu. Hilo sijalisahau na sitakuachia peke yako.

Kwetu Mwanza mwenye nyumba anataka miezi sita au mwaka mkononi, ikiisha anakuja kugonga mlango, basi. Huku Marekani wanaangalia mshahara na kredi, ukipungua wanataka mdhamini, na mdhamini siku ya kusaini akili yote iko kwa ndugu apate funguo, nani anaufikiria mwezi wa kumi na tatu.

Sasa sikiliza. Texas wana sheria ya jambo hilihili, iko kwenye sheria zao za mali, kifungu 92.021. Mdhamini ambaye si mpangaji anabanwa na muda wa mkataba wa mwanzo tu. Mpangaji akiongeza muda, wewe humo, labda uwe ulikubali kwa maandishi ndani ya ule mkataba wa kwanza kwamba utadhamini na nyongeza, na hapo lazima iwepo tarehe ya mwisho uliyoitaja wewe, wahusika wawe walewale, na kodi isikuzidishie mzigo kuliko ile ya mwanzo. Au uwe ulisaini karatasi nyingine wakati wa kuongeza. Uliniambia hukusaini kitu tena, sawa, ila ule mkataba wa kwanza usome wote, hadi yale maandishi madogo ya mwisho.

Lakini kifungu hichohicho hakikufungulii mlango wote mama, na hapa ndo watu wanajidanganya. Gharama zikija baada ya mkataba kuisha lakini zimetokana na alichofanya mpangaji kabla, bado ni zako. Na mpangaji akikataa kutoka nyumba ya watu, hasara ya hapo pia inakufuata.

Kwa hiyo nimeiprinti ile barua nikachukua peni nikapiga mstari kwenye 31 Julai. Jumla yao ni dola 3,665. Juu ya mstari kuna kodi ya Julai iliyobaki, 350, na kapeti 415. Lile kapeti wewe na mimi tulikuwepo mwezi wa tano, alama ya pasi imeungua pale karibu na dirisha, Juma kaisogezea stuli. Hatuwezi kusema halituhusu. Chini ya mstari ni Septemba na Oktoba, 1,450 kila mwezi, 2,900, na hapo ndo pa kusimama nao.

Angalia, kodi yake ilikuwa 1,200. Hiyo 250 ya juu ni nini? Kama ni bei ya kukaa mwezi kwa mwezi, maana yake ofisi ya nyumba ilikubali abaki, hiyo ni nyongeza na wewe hukuidhamini. Kama ni faini ya kung'ang'ania nyumba baada ya kuambiwa atoke, hapo wana hoja juu yako. Nimempigia Juma jana usiku, analia mtoto wa watu, kasema Agosti alilipa wakapokea, na karatasi ya kumtoa hakuwahi kubandikiwa mlangoni. Nimemwambia aitafute risiti ya Agosti hata kwenye imeili za zamani, hiyo risiti ni dhahabu kwako.

Kitu kingine naomba ukiangalie kabla ya vyote, ulisaini kwenye mstari upi? Wa mdhamini au wa mpangaji? Maofisi mengine yanamwandika mtu wa kusaidia kama mpangaji mwenza, na kile kifungu kinamlinda asiye mpangaji tu. Ukiwa kwenye mstari wa wapangaji hesabu yangu yote inabadilika.

Alafu deposito, ile pesa ya dhamana ya nyumba, Juma aliweka 500, kwenye barua siioni popote. Akishawapa ofisi ya nyumba anwani mpya kwa maandishi wanatakiwa ndani ya siku 30 tangu ahame wairudishe au watoe orodha ya walichokata. Waulize imeenda wapi, manake inaweza kula sehemu kubwa ya ile 765.

Hao watu wa madeni usiwapigie simu, usiwalipe hata dola 20 ya kuwatuliza. Andika barua kwamba unalipinga deni na unataka uthibitisho, itume kwa rejista ubaki na risiti. Sheria ya nchi nzima inakupa siku 30 tangu upokee barua yao ya kwanza, ukiwaandikia ndani ya hizo wanatakiwa wasimamishe kudai mpaka wathibitishe. Yako imefika tarehe 6, usingoje. Wakikupeleka kortini usikose kwenda, na hapo Dallas kuna Legal Aid of NorthWest Texas, kama kipato chako kinaingia kwenye kiwango chao wanasaidia bure.

Ile ya juu ya mstari ikithibitika nalipa nusu, Juma atalipa nusu kidogokidogo, nimeshaongea naye. Shangazi yako usimwambie kwanza, presha yake unaijua, nitamwambia mwenyewe taratibu.

Nitumie picha ya ukurasa wa saini leo hata kama ni usiku wa manane. Jumatano niko ofu, tutaiandika hiyo barua pamoja kwenye simu.

Baba yako