Ami, ile TV haikuwa imekwama

Mumeuliza wiki hii timu bora ni ipi, inayodumu miaka na miaka au ile inayong'ara mara moja ikapotea. Wengi watawaandikia habari za mpira, mimi swali limenichoma manake kuna timu naitetea tangu 2009 na watu wanicheka. Brawn GP. Msimu mmoja tu wa Fomula 1, zile mbio za magari, resi 17, ikashinda 8, ikabeba kombe la dereva na la timu, alafu kwisha.

Kwanza ilikuwa timu ya Honda, wakajitoa Desemba 2008, bosi wao Ross Brawn akainunua kwa pauni moja. Moja! Injini wakapachika ya Mercedes mbio mbio, gari jeupe matangazo ya kuhesabu, na resi ya kwanza kule Australia madereva wao, Jenson Button wa kwanza, Barrichello wa pili.

Sasa resi ya Malaysia, Aprili 5. Kwetu yaanza saa sita mchana, Jumapili, tuko gerejini kwa ami yangu karibu na Mwembe Tayari, Mombasa. Ami ni shabiki wa Ferrari wa kufa. Nikamuuliza hawa wapya wanawapitaje wenzao, akachukua kurasa mbili za gazeti akazining'iniza akapuliza katikati, mimi nangoja ziachane, zikagandana. Akanambia ndivyo hivo, upepo ukikimbia chini ya gari gari lavutwa chini lashika barabara, na hawa wametoboa sakafu kule nyuma upepo upite kwa wingi. Wizi mtupu, akasema. (Katikati ya mwezi huo mahakama ya rufaa ya FIA, wasimamizi wa mbio hizi, ilisema ni halali, ami hajakubali mpaka leo.)

Adhana ya adhuhuri ikalia, akaenda msikitini. Huku nyuma kule Malaysia mvua ikashuka, mvua ya masika hasa, magari yaelea kama ngalawa, resi ikasimamishwa. Ami arudi akuta magari yamepangwa hayasongi, akaipiga TV kofi. Kofi la pili. Akamtuma kijana wa spana apande paani azungushe dishi, na sisi twacheka hata kusema hatuwezi. Mara kamera ikamwonyesha Räikkönen, dereva wa Ferrari yake, yuko na kaptura anakula aiskrimu. Ami akakaa juu ya tairi kimya. Resi haikuendelea tena, wakahesabu raundi 31 kati ya 56, pointi nusu, Button akapewa 5 badala ya 10 kwa kushinda. Ami akasema hata mvua imehongwa.

Nilitaka kusema ndio timu bora ile, lakini naandika huku najikanyaga. Gari lenyewe lilitengenezwa kwa pesa za Honda, walikuwa wameshaacha kuhangaika na la 2008 ili wajenge hilo. Na timu haikufa, mwisho wa 2009 Mercedes wakainunua, karakana ni ile ile ya Brackley, Uingereza, na kutoka 2014 mpaka 2021 wakabeba kombe la timu mara 8 mfululizo. Kwa hivo kilichopotea ni jina na rangi. Nikilazimishwa basi nasema inayodumu, ingawa moyoni sijaiacha ile nyeupe, na kama Honda wangevumilia mwaka mmoja tu pengine ningeandika mengine.

Ami bado na Ferrari yake, kombe la timu la mwisho walilipata 2008, na ukimtajia Button akuuliza kwani ile mvua ilisimama saa ngapi.