Ni Sweden 1766, sio Marekani

Kuna wanaosema Marekani ndiyo nchi ya kwanza kuulinda uhuru wa magazeti kisheria. Hapana, yale marekebisho ya kwanza ya katiba yao, yanayoulinda uhuru huo, ni ya 1791, Sweden walishapitisha sheria yao Desemba 1766. Hii tuliisoma chuo kwenye historia ya sheria. Aliyeipigania sana bungeni ni Anders Chydenius, mchungaji wa Kifini (enzi hizo Finland ilikuwa chini ya Sweden). Ikafutwa ile kazi ya mkaguzi wa serikali kupitia maandishi kabla hayajachapwa, na kitamu zaidi, mwananchi akaruhusiwa kuomba nyaraka za serikali, azisome, azinakili na hata kuzichapisha, kitu ambacho nchi kibao mpaka leo ukijaribu unazungushwa tu. Ila msiipambe sana, maandishi ya dini yaliendelea kukaguliwa, halafu mfalme Gustav III alivyojitwalia madaraka 1772 haikuchukua muda akaanza kuibana sheria hiyo. Na kabla mtu hajaniletea Uingereza ya 1695, wale hawakutunga sheria ya uhuru wowote, bunge liliacha tu sheria ya leseni (iliyotaka kibali kabla ya kuchapa) iishe muda wake bila kuihuisha.