Santuri za mtumba za roki: kagua mfereji kabla ya kulipenda jalada

Wewe unayeanza kununua santuri kuukuu za roki hapa Mwanza, nakuomba kwanza uzoee kuitoa santuri kwenye jalada lake na kuipeleka penye mwanga kabla hujauliza bei. Nimezinunua kwa miaka mingi, nyingine katika nyumba za zamani za Isamilo ambazo wenyewe walikuwa wakihama, nyingine kwa wauza redio na spika chakavu karibu na Mlango Mmoja, na karibu kila hasara niliyoipata ilitokana na kupendezwa na picha ya jalada kwanza na kuikagua santuri baadaye.

Ishike kwa viganja vya mikono miwili kwenye kingo zake, kwa kuwa mafuta ya vidole hushika vumbi, kisha iinue usawa wa macho na kuiinamisha taratibu mpaka mwanga upite juu yake kwa mshazari. Upande mmoja wa santuri una mfereji mmoja tu ambamo sindano hupita, unaojizungusha kutoka nje hadi karibu na lebo ya katikati. Michirizi myembamba kama unywele, ambayo husababishwa na karatasi ya ndani ya jalada, mara nyingi haisikiki. Mkwaruzo wa kuogopwa ni ule unaoukata mfereji kwa kukingama, na ambao ukucha ukipitishwa juu yake kwa upole hukwama. Santuri kubwa huzunguka mara 33⅓ kwa dakika, kwa hiyo kila mzunguko huchukua sekunde 1.8, na upande wenye dakika 20 una mizunguko takriban 670 iliyobanwa ndani ya sentimita kama 8. Maana yake ni kwamba mkwaruzo wa sentimita moja tu unaweza kukupa milio ya “tak, tak” ipatayo 80, yaani zaidi ya dakika mbili za wimbo zilizoharibika.

Hata hivyo, uharibifu mbaya zaidi hauna mkwaruzo. Niliwahi kulipa shilingi 45,000 kwa santuri iliyong’aa, ambayo muuzaji aliniapia akisema, “Kaka, hii haijaguswa.” Nyumbani, kila mpiga ngoma alipogonga matoazi, spika zilitoa sauti ya mafuta ya kukaangia dagaa, na mwimbaji alikwaruza koo kila alipopaza sauti. Santuri hiyo ilikuwa imechezwa miaka mingi kwa sindano iliyochakaa kwenye mkono mzito wa mashine, na kuta za mfereji zilikuwa zimelika. Sindano ya mashine nzuri hukandamiza kwa takriban gramu 2. Mashine nyingi za zamani za kubeba zilikandamiza kwa uzito mkubwa kuliko huo. Kama ningetazama lebo, ningeona mistari midogo mingi iliyotawanyika kuzunguka tundu la katikati, alama wanazoacha watu wanapolitafuta tundu kwa kubahatisha, na kwa wingi wake ningejua kwamba imewekwa mashineni mara nyingi mno. Tangu siku hiyo naanza na tundu, kisha natafuta sehemu ambazo weusi wake umefifia ukaelekea kijivu, hasa kwenye nyimbo zenye kelele nyingi na zile zilizo karibu na lebo.

Kwetu ziwani kuna jambo moja ambalo humtisha mgeni bila sababu, nalo ni ukungu. Santuri iliyokaa kabatini misimu kadhaa ya mvua hutoka na madoa meupe kama unga, na wauzaji wengi huiuza kwa bei ya kutupa wakidhani imeoza. Mara nyingi doa hilo hutoka. Mimi hutumia maji ya betri, yale yasiyo na asidi (hakikisha kabisa, kwa sababu chupa hufanana), tone moja la sabuni ya vyombo na kitambaa laini, nikifuta kwa kufuata mzunguko wa mfereji huku lebo ikibaki kavu. Karatasi ya ndani naitupa, maana ndimo ukungu unamobaki. Usitumie spiriti kwenye santuri nzito za zamani za mizunguko 78 kwa dakika, zile zinazovunjika kama sahani, kwa kuwa spiriti huyeyusha utomvu uliozitengeneza.

Kuhusu madaraja, wakusanyaji duniani hutumia herufi zilizoenezwa na jarida la Goldmine la Marekani: M (mpya kabisa), NM (karibu mpya), VG+ (zaidi ya nzuri sana), VG (nzuri sana), G (nzuri) na P (mbovu). Usidanganywe na maana ya kamusi. G kwa jina lake ni “nzuri”, lakini katika biashara hii ni santuri yenye kelele kutoka mwanzo hadi mwisho. Kwa desturi VG+ hukadiriwa kuwa nusu ya bei ya NM, na VG robo yake, kwa hiyo kukosea daraja moja ni kupoteza nusu ya fedha. Lipe jalada daraja lake peke yake, na ukisita kati ya madaraja mawili, andika la chini.

Toleo nalo lina uzito wake. Jalada lenye msimbopau haliwezi kuwa la mwaka 1970, hata kama mwaka huo umechapwa nyuma yake. “The Dark Side of the Moon” ya Pink Floyd, chapa ya kwanza ya Uingereza ya 1973, ina lebo yenye pembetatu ya buluu iliyojaa rangi. Chapa zilizofuata zina mstari wa pembetatu tu. Soma pia namba zilizochorwa kwenye eneo tupu kati ya wimbo wa mwisho na lebo, kwa kuwa lebo peke yake haitoshi kutofautisha chapa. Santuri za roki ya Zambia ya miaka ya 1970, kama za bendi za WITCH na Amanaz, zimechapwa upya siku hizi, kwa hiyo usilipe bei ya chapa ya kwanza kwa kuona jina tu. Wapo pia wanaopandisha bei ya santuri za bendi ya Queen kwa sababu mwimbaji wake, Freddie Mercury, alizaliwa Unguja mwaka 1946. Mwambie muuzaji kwa heshima kwamba unalipia hali ya santuri.

Mkikubaliana, ibebe ikiwa imesimama, na usiiache kwenye gari lililoegeshwa juani, hata kwa muda wa kunywa chai Kirumba, kwa sababu joto huipinda. Ukifika, ioshe, icheze pande zote mbili, kisha andika kwa penseli kwenye karatasi mpya ya ndani daraja ulilolikadiria sokoni na lile ulilolisikia.