Mizani 16, baa moja: hesabu vidole kabla hujaingia studio

Mimi nimelelewa Tanga na mjomba wangu, mtu wa mashairi haswa, alikuwa anatunga na kupeleka gazetini. Kila akiandika mstari anauhesabu kwa vidole juu ya goti, nane anatua, nane nyingine anamaliza. Nilivyoanza kuchana, yaani kurap, nikaona hayo ni mambo ya wazee, nikawa naandika kwa kusikilizia biti tu, ikinoga nabakiza, isiponoga nafuta, na hata ikinoga nilikuwa sijui kwa nini imenoga.

Siku moja niko studio, biti ya 90, yaani mapigo 90 kwa dakika, naingiza vesi ya kuhusu mama yangu alivyokuwa anatembeza karanga. Mistari miwili ya kwanza hii hapa:

Mama yangu na karanga, jua kali linawaka
Ndala zote ni mchanga, kila nyumba anafika

Mstari wa kwanza umekaa vizuri kabisa. Wa pili kila nikifika "mchanga" prodyuza anasimamisha, "umewahi, rudia." Narudia, umewahi. Tumerudia mpaka saa yangu ikaisha na hela nikalipa, nikatoka pale nimeumia kweli kwa sababu mstari ule nilikuwa naupenda.

Usiku nikampigia mjomba nikamsomea kama nilivyochana. Hakuuliza biti wala nini, akasema, "Mjomba, wa pili una saba hapo mwanzo. Umeimeza m." Na kweli. Kwenye shairi m-cha-nga ni mizani tatu, yaani silabi tatu, ile m inajitegemea, kama n ya nchi au m ya mtu. Sisi mtaani tunaipitia juu juu, kwa hiyo nilikuwa nafika "cha" kabla snea, ile ngoma kali ya biti, haijapiga.

Hapo ndo nikakaa chini na kalamu. Baa moja ya rap ina mapigo 4, kila pigo linagawanyika mara 4, jumla vijumba 16. Mshororo wa shairi letu la kawaida una mizani 16, nane za ukwapi, nusu ya kwanza, na nane za utao, nusu ya pili. Sisemi kwamba aliyetengeneza rap Marekani aliiga pwani, hapana, nasema tu kwamba ukiandika mshororo kamili unaingia kwenye baa bila kubaki nafasi hata moja, na kama hujui hivyo utapata shida ambayo huijui jina.

Sasa sikiliza, hii ndo sehemu iliyonisaidia kuliko zote. Kiswahili mkazo uko silabi ya pili kutoka mwisho wa neno, kwa hiyo kwenye shairi la nane nane mkazo wa vina lazima uangukie silabi ya 7 na ya 15. Snea inapiga pigo la 2 na la 4. Ukianza mstari juu ya kiki kabisa, ile ngoma nzito inayofungua baa, mkazo unapishana na snea. Anza silabi mbili kabla ya kiki: ma-ma YA-ngu na ka-RA-nga, ju-a KA-li li-na-WA-ka. YA kiki inapiga, RA snea, KA pigo la tatu, WA snea tena. Jaribu kwa kupiga meza na mkono, taratibu, usikimbilie maiki.

Kuna kitu kingine mjomba hakukiona na hakuwa na kosa, maana kwa sheria zake kiko sawa. "Linawaka" na "anafika" vina vimetimia, ka na ka. Lakini kwenye biti sikio linashika ile silabi inayogongana na snea, nayo ni WA na FI, hazifanani, mstari unasikika mlegevu. Karanga na mchanga hazina shida kwa sababu zimefanana "anga" nzima. Nikabadili "anafika" ikawa "anasaka", ikakaza. Kiswahili kupata kina cha silabi moja ni rahisi mno, kwa hiyo mchanaji jitahidi ufananishe mbili, ikiwezekana tatu.

Ila usijaze kila baa vijumba vyote 16. Kwa biti ya 90 baa moja haifiki sekunde 3, na kwa kuwa mstari unaanza kabla ya kiki, wa kwanza ukiisha wa pili umeshaingia, pumzi utatoa wapi? Mimi nilichofanya nikaitoa "kila nyumba", nikanyamaza silabi nne, nikavuta hewa, halafu "anasaka" ikaja palepale pake na snea yake. Kina kimebaki, na ule ukimya ukamfanya mtu amsubiri mama.

Niliporekodi upya nikamtumia mjomba kwenye simu. Akasikiliza akanipigia, "Mjomba, mbona pale kati umekata nne?" Nikamwambia navuta pumzi. Akakaa kimya kidogo, akasema hata yeye akighani anapumua hapohapo kwenye kituo, anatua anavyotaka, akimaliza kupumua ndo anaendelea, kwa sababu yeye hana ngoma inayomkimbiza.