Milioni mbili na nusu, kompyuta ya gemu ya kwanza: list hii iko sawa?

SWALI: Habari mkuu, mimi niko Mwanza, nataka niunde kompyuta yangu ya kwanza ya gemu, bajeti ni milioni 2.5, monita ninayo tayari ya 1080p 60Hz. Nacheza GTA V, EA FC na Valorant. Dukani wamenipangia hivi: Ryzen 7 5800X, mazabodi ya A320, ram moja ya GB 16 DDR5, RTX 3050, SSD ya GB 256, na keisi inayokuja na pawa saplai ya wati 600 bure. Nichukue au nibadilishe?

JIBU: Salama kabisa mkuu, na umefanya la maana kuuliza kabla hujatoa hela, maana kwenye hiyo list kuna kitu kimoja hakitaingia kabisa na kingine kinaweza kukuunguzia vyote vilivyobaki. Kisichoingia ni ram. 5800X, hiyo prosesa, inakaa kwenye soketi (pale prosesa inapochomekwa kwenye mazabodi) ya AM4 na AM4 inatumia ram aina ya DDR4 tu, DDR5 hata ukiilazimisha haikai, ule mkato wa chini uko sehemu nyingine. Cha kuunguza ni hiyo pawa saplai ya bure, na hapa naomba unisikilize vizuri maana ndipo wanapoumia wengi wanaounda mashine kwa mara ya kwanza.

Namba ya wati 600 iliyoandikwa kwa maandishi makubwa achana nayo. Igeuze hiyo pawa saplai, pembeni kuna stika yenye jedwali, tafuta palipoandikwa +12V halafu soma ampea zake uzidishe kwa 12. Prosesa na GPU (kadi ya picha, kama hiyo RTX 3050) zote zinakula hapo kwenye 12V, kwahiyo ukikuta ampea 25 maana yake una wati 300 za kweli, zile nyingine ni za kupamba boksi. Pawa saplai nzuri ya wati 550 utakuta inaandika kama ampea 45 hivi, piga hesabu unapata 540, hapo umeona zinalingana. Na ukikuta nyuma kuna kiswichi chekundu cha 115/230 iache hapohapo dukani, huo ni muundo wa zamani na kikiwa kimekaa kwenye 115 ukachomeka kwenye umeme wetu wa 230 inalipuka palepale. Mashine ninayokushauri hapa chini haitafika hata wati 300 ukiwa katikati ya gemu, kwahiyo hauhitaji 750, unahitaji 550 ya kampuni inayojulikana na yenye waranti. Kwa hela yako mimi ningekata kwenye prosesa, ningekata kwenye keisi, hapa nisingekata hata kidogo, umeme wetu unapanda na kushuka na pawa saplai ndio kitu cha kwanza kinachopokea hayo yote.

Kuhusu UPS, lile boksi la betri linaloshikilia kompyuta umeme ukikatika, najua utauliza. Inasaidia, lakini VA sio wati, ile ya VA 650 unayoiona kila ofisi inabeba wati mia tatu na kitu tu, basi chomeka kompyuta na monita, spika na chaja za simu ziweke kwingine. Pia baadhi ya pawa saplai za kisasa zinagomea umeme wa betri wa UPS za bei rahisi, umeme ukikatika mashine inazima papo hapo na UPS iko hapo inalia, kwahiyo ukiwa unanunua omba waijaribu kwanza ukiwa unaona.

Sasa prosesa. 5800X ni nzuri lakini inakula wati 105, inachemka, na haiji na feni yake, halafu ukaiweke kwenye A320 ambayo nyingi zimetengenezwa kwa prosesa nyepesi, hapana. Shuka kwenye Ryzen 5 5600, koa sita, wati 65, na ukichukua ya boksi feni imo ndani na imeshapakwa pesti ya kupitisha joto (za trei, zile zinazouzwa bila boksi, haziji na feni, uliza kabisa). Bodi chukua B550, au B450 kama hela inabana. Kuna watu watakwambia uende AM5, na ni kweli ndio soketi mpya zaidi ya AM4, ila kule ni DDR5 tu na kwa bajeti yako utajikuta umemaliza hela kwenye bodi na ram alafu GPU ukachukua ya kubahatisha. Kwenye mashine ya gemu hela nyingi iende kwenye GPU, hilo sina ubishi nalo.

GPU yenyewe, hiyo RTX 3050 kwanza waulize ni ya GB 8 au GB 6, maana jina ni moja lakini ya GB 6 iliyotoka 2024 ni dhaifu zaidi, sio memori tu iliyopungua. Na hata ya GB 8 inapigwa na RX 6600, ambayo inakula wati 132 tu na mara nyingi bei hazipishani sana. Kwa 1080p na gemu ulizotaja RX 6600 inatosha na inabaki. Tena monita yako ni 60Hz, itakuonyesha fremu 60 kwa sekunde hata kama GPU inatoa 200, kwahiyo kuongeza hela kwenye GPU kubwa zaidi ni bure mpaka siku utakayonunua monita ya 144Hz, na kwa mtu wa Valorant hiyo ndio ingekuwa manunuzi yako yanayofuata.

Ukiletewa GPU ya mtumba usikatae moja kwa moja, ila kumbuka kadi nyingi zilikuwa zinachimba sarafu za kidijitali usiku na mchana mpaka Septemba 2022 Ethereum ilipoacha uchimbaji. Waambie waweke gemu nzito icheze dakika ishirini ukiwa umekaa hapo, sikiliza feni, angalia joto, angalia kama picha inatoa vidoti. Wakikataa ondoka.

Ram chukua DDR4 3200 mbili za GB 8, sio moja ya 16, zikiwa mbili zinafanya kazi kwa pamoja na kwenye gemu utaiona tofauti. SSD ya GB 256 haitoshi, EA FC peke yake inataka GB 100 na GTA V nayo vilevile, hapo bado Windows, kwahiyo TB 1 ya NVMe (SSD ya kasi inayochomekwa moja kwa moja kwenye bodi). Keisi yoyote yenye wavu mbele, sio kioo, hewa ipate pa kuingilia na vumbi uweze kulifuta.

Ukishaunganisha, ram ziweke slot ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa, ingia bayosi (mipangilio ya ndani ya bodi) uwashe XMP, inayoipa ram spidi yake kamili, la sivyo ram ya 3200 itatembea kwa spidi ya chini bila wewe kujua. Waya wa monita chomeka kwenye GPU sio kwenye bodi, 5600 haina grafiki ya ndani, ukichomeka kwenye bodi utapata kiza na utadhani umeua mashine. Ukiipata bodi nitumie modeli yake kamili kabla hujalipia, hasa kama ni B450, nikuangalizie kama inaikubali 5600 bila kusasisha bayosi.