Mwanangu, na hao Warusi tuwasome

Tabora

Mwanangu,

Huku hatujambo sote. Umeniuliza Warusi na Wanaijeria wa vitabuni wanatuhusu nini, wakati hadithi za kwetu hujazimaliza. Za kwetu zisome kwanza, sikukatazi.

Lakini chukua Mkaguzi Mkuu wa Serikali, tamthilia ya Gogol iliyochezwa mara ya kwanza Urusi mwaka 1836, na ambayo Christon Mwakasaka aliitafsiri kwa Kiswahili. Mji mdogo unasikia kuwa mkaguzi anakuja kwa siri. Mkuu wa mji anahaha: wagonjwa hospitalini wavikwe kofia safi, tena ingefaa wapungue, mabata bukini wanaofugwa mahakamani waondolewe. Wewe umekulia Tabora. Hukuwahi kuona mawe ya barabarani yakipakwa chokaa mkubwa akitarajiwa? Nilicheka sana, kisha nikashangaa nawaonea huruma wale wala rushwa. Nimekuwa karani mimi. Siku za ukaguzi nilikuwa tumbo joto hata mafaili yakiwa sawa.

Hicho ndicho ninachokifuata. Wenye hotuba wakisema sote ni binadamu, hutaja upendo na amani. Mimi naona tunafanana zaidi kwenye woga na aibu, na hayo mgeni hakuonyeshi ukimtembelea kwake. Mwandishi wao ndiye anayewaumbua.

Okonkwo je? Chinua Achebe wa Nigeria alimwandika katika riwaya mwaka 1958, na Clement Ndulute akatuletea kwa Kiswahili kwa jina la Shujaa Okonkwo. Anamkata panga Ikemefuna, kijana anayemwita baba, kwa kuogopa kuonekana mnyonge. Wanaume wanaofanya ukatili ili wasichekwe unawajua, usinifiche. Ila usikimbilie kusema Waigbo, kabila la Okonkwo, ni Wanyamwezi wenye majina mengine. Kiazi kikuu kuwa zao la kiume, sauti ya mungu wa pangoni kuamuru kijana auawe: hayo yaache yakushangaze, wala usiyatafutie mfano wa kwetu. Ukiona kila kitu ni chetu, umesoma haraka.

Okonkwo nitampakia kwenye basi wiki hii. Mkaguzi sina, kitabu alikiazima mjomba wako aliyeko huko Dar, na kila nikimuuliza anageuza mazungumzo. Mdai wewe.

Baba yako